Wageni wa Musimu wa Kaskazi katika Malambo ya Handeni na Bonde la Korogwe

Katika mwezi wa Januari, wakati upepo wa kaskazi unapovuma kwa nguvu na jua la nyika ya Handeni limekwisha kuyakausha majani yote isipokuwa yale yaliyo ukingoni mwa maji, ilhali katika nchi za Ulaya ya mashariki na Siberia maziwa yamefungwa na barafu na usiku ni mrefu kupita mchana, huwapo katika malambo ya kunyweshea ng'ombe ya wilaya hiyo, na katika majaruba ya mpunga ya Mombo na kandokando ya mto Pangani upande wa Korogwe, jamii kubwa ya ndege ambao hawakuanguliwa hapa na ambao, mvua za masika zikisha kukolea, hawatakuwapo tena. Mchungaji huwaona kila siku, mkulima huwaona, abiria wa basi litokalo Chalinze kwenda Arusha, kama hakulala, aweza kuwaona vilevile kutoka dirishani. Lakini ni wachache katika hao watatu watakaokuambia kwamba ndege yule mwembamba, mwenye madoadoa meupe mgongoni, anayepekua tope miguuni mwa fahali, mwezi wa Juni uliopita alikuwa amelalia mayai katika kinamasi cha Finland au cha Urusi, mahali ambapo wakati huo jua karibu halitui.

Watu wa nchi za baridi walioifanya kazi ya kuwatazama ndege kuwa starehe, na baadhi yao kuwa elimu, wana desturi ya kutoka wakati wa baridi kali kwenda kwenye maziwa ya milimani na ya majangwani, wamevaa makoti mazito, kwa sababu penye maji machache katika ardhi kavu ndipo ndege wanapolazimika kukusanyika, na penye mkusanyiko ndipo jicho linapopata cha kuhesabu. Kanuni hiyo ni ya kweli huku kwetu pia, ila koti halihitajiwi. Kinachohitajiwa ni kofia ya ukindu na subira. Tanzania inayo maziwa ya namna zote mbili yenye sifa kubwa: maziwa ya Momella chini ya mlima Meru, ziwa la magadi lililo ndani ya kreta ya Ngorongoro, ziwa Jipe lililo baina ya milima ya Upare na nchi ya Kenya, na ziwa Natron, lenye joto na chumvi kali, ambako huzaliwa kiasi cha robo tatu ya heroe wadogo wa dunia nzima. Makala haya hayakusudii kuyasifu hayo, ambayo yamekwisha kusifiwa vya kutosha na kupigwa picha kupita kiasi. Yamekusudiwa kueleza habari za wilaya mbili ambazo watalii huzipita mbio bila kuuliza majina yake, ingawa zina milima upande mmoja na nyika kavu upande wa pili, na maji ya kila upande yana wageni wake.

Korogwe ni mji wa maji ya milima. Mto Pangani, ambao katika sehemu zake za juu huitwa Ruvu, hukusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, ukapita katika bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa katika miaka ya 1960 na katika kinamasi cha Kirua, kisha ukateremka chini ya kuta za milima ya Upare na Usambara hata ukafika Korogwe, ambako hupokea mto Lwengera utokao katika bonde linaloitenga Usambara ya Mashariki na ile ya Magharibi. Na baada ya hapo hupita Hale, ambako mitambo ya umeme ilianza kazi mwaka 1964, ndipo uingie baharini penye mji uitwao kwa jina lake. Handeni haikupewa neema hiyo. Vijito vyake vingi huwa na maji wakati wa mvua na mchanga wakati wa jua, na tangu zamani shida ya Wazigua na ya wafugaji wa Kimasai wanaokaa pamoja nao imekuwa shida ya maji, hata ikalazimu yaletwe kwa bomba kuu kutoka mto Pangani upande wa Korogwe, na kwingineko yachimbwe malambo na kujengwa mabwawa kama lile la Kwenkambala, ili maji ya mvua yazuiwe kwa tuta la udongo yasitoroke kwenda baharini bila kunywewa.

Hapa ndipo nionapo jambo ambalo wenye vitabu vya ndege hawalisemi kwa insafu. Hakuna aliyechimba lambo la Handeni kwa ajili ya ndege, wala mhandisi aliyeuelekeza mto Soni, ushukao kutoka Usambara ya Magharibi, uingie katika majaruba ya Mombo hakuwa na haja ya kumfurahisha mgeni wa Siberia. Hata hivyo, maadamu vinamasi vya asili vimepungua, kile cha Kirua kikiwa mfano ulio karibu, kwani kilipoteza sehemu kubwa ya mafuriko yake baada ya mto kuzibwa huko juu, maji yaliyozuiwa kwa jembe na mkono ndiyo yanayoibeba sehemu ya mzigo uliokuwa ukibebwa na vinamasi. Almuradi mfugaji na mkulima wa mpunga, pasipo kukusudia na pasipo kushukuriwa na mtu, wamekuwa wenyeji wa wasafiri watokao nusu ya pili ya dunia.

Ajabu ni kwamba wataalamu wa kaskazi, ambao mbayuwayu hujenga matundu yao chini ya mapaa ya nyumba zao, walikaa dahari na dahari bila kujua waendako wakati wa baridi. Mwaka 1555 askofu wa Sweden aliyeitwa Olaus Magnus alichapisha kitabu ndani yake mna habari kwamba mbayuwayu hujizamisha katika maji ya maziwa na kulala humo mpaka barafu iyeyuke, na wavuvi wakiwavua katika nyavu zao. Na imani hiyo ilikuwa bado na watetezi, watu wenye elimu na heshima, miaka zaidi ya 200 baadaye. Ithibati ya kwanza iliyoweza kushikwa kwa mkono ilitoka Afrika, nayo ilikuwa silaha. Katika mwezi wa Mei mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz katika Ujerumani ya kaskazini, alipigwa korongo mweupe ambaye shingo yake ilikuwa imepenywa na mkuki wenye urefu wa karibu sentimeta 80, wa mti na wa ufundi wa Kiafrika, naye alikuwa ameruka nao njia nzima kurudi nyumbani kwake. Korongo huyo alikaushwa, na mpaka leo yumo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Jina la mwindaji aliyemkosa kidogo halikuandikwa popote, ingawa kwa kadiri nionavyo mimi ndiye aliyewafundisha maprofesa wa Ulaya somo moja kubwa la jiografia.

Baada ya mkuki ikaja pete. Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwafunga ndege pete nyepesi za aluminiamu zilizopigwa chapa ya namba na anwani, na muda si muda desturi hiyo ikaenea. Mbayuwayu aliyefungwa pete na wakili mmoja wa Staffordshire, Uingereza, mwezi wa Mei 1911, alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba huko Natal, Afrika ya Kusini, mwezi wa Desemba 1912; barua ikaandikwa kwa anwani iliyokuwa juu ya pete, na habari ya kulala chini ya maziwa ikafa kifo chake. Mbayuwayu ana uzito wa gramu 20 hivi. Wale wanaojipanga juu ya nyaya za simu katika mji wa Korogwe jioni za Novemba, ukiwatazama koo zao zenye wekundu wa kutu, ni wa kabila hilohilo.

Katika kuikusanya elimu hii, Usambara ina haki ya kutajwa mbele. Ng'ambo ya bonde la Lwengera, juu ya mlima, pana Amani, ambako Wadachi walianzisha mwaka 1902 chuo cha utafiti wa mimea na kilimo. Na huko, mwaka 1928, alifika Mwingereza mmoja, Reginald Moreau, ambaye awali alikuwa karani wa hesabu za jeshi katika mji wa Cairo, na ambaye hakuwa na shahada yoyote ya elimu ya viumbe, bali alikuwa na raghba. Alikaa Amani hata mwaka 1946, akiandika habari za ndege wa misitu pamoja na wasaidizi wenyeji waliokuwa wakilinda matundu na kuhesabu mara ngapi kila ndege hulisha makinda yake, na ndege mdogo wa vichaka vya Amani, mshonaji wa majani mwenye mdomo mrefu, anachukua jina lake katika vitabu vya elimu. Kazi yake kubwa, juu ya safari za ndege baina ya nchi za baridi na Afrika, ilichapwa mwaka 1972, miaka miwili baada ya kufa kwake. Humo alikisia kwamba ndege wa nchi kavu waingiao Afrika kila mwaka kutoka Ulaya na Asia ni kama bilioni 5. Hesabu nyingine, iliyotolewa mwaka 2009 na kuhusu ndege wa Ulaya peke yao, ilitaja bilioni 2.1. Hata tukichukua hesabu iliyo ndogo, idadi hiyo ni kubwa kuliko ya watu wote wa bara la Afrika.

Sasa na tuitazame safari yenyewe, kwani kwa mtu wa pwani haina ugeni mwingi. Majahazi ya Maskati, Sur na Bombay yalikuwa yakitweka matanga kaskazi ilipoanza, yakaja Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja, na yakirudi yalingoja kusi. Na wapo ndege ambao nahodha wao ni upepo ule ule. Aliye mfano bora kuliko wote ni kozi wa Amur, kozi mdogo ambaye dume lake lina rangi ya kijivu ya moshi, mapaja mekundu na miguu ya rangi ya chungwa. Huzaa kando ya mto Amur na katika Uchina ya kaskazini. Mwezi wa Oktoba hukusanyika kwa malaki katika jimbo la Nagaland, Uhindi. Mwezi wa Novemba huikata Uhindi nzima, kisha huivuka bahari kwa kiasi cha kilometa 3,000 pasipo mahali pa kutua, hata waione Pembe ya Afrika. Wataalamu wanaamini kwamba njiani hula kerengende, kwa kuwa kerengende nao, kama alivyoeleza mwaka 2009 mwanabayolojia Charles Anderson aliyekuwa akikaa visiwa vya Maldives, huivuka bahari hiyo hiyo kwa mamilioni katika majira hayo hayo, wakibebwa na upepo. Mwaka 2012 dunia ilipata habari kwamba watu wa Nagaland, penye bwawa la Doyang, walikuwa wakiwanasa makozi hao kwa nyavu na kuwauza kama kitoweo, kwa makadirio ya zaidi ya 100,000 katika musimu mmoja. Viongozi wa vijiji na wa makanisa wakakutana, wakapiga marufuku, na mwaka uliofuata hakunaswa hata mmoja. Mwezi wa Novemba mwaka huo wa 2013 makozi watatu walifungwa vyombo vya kufuatwa na setilaiti, wakapewa majina ya huko kwao, Naga, Wokha na Pangti, na safari yao ikaonekana wazi.

Wanapofika nchi yetu huwakuta kumbikumbi. Mtu aliyekulia Handeni hana haja ya kuelezwa jinsi mvua za vuli, zikinyesha mara ya kwanza juu ya ardhi iliyochomwa na jua, zinavyowatoa kumbikumbi kichuguuni mpaka hewa ikajaa mbawa. Lakini huenda hakuangalia juu zaidi, ambako mbayuwayu, makozi na keremkerem wa Ulaya, wale wenye migongo ya kahawia, koo za njano na vifua vya samawati, hula kwa pamoja karamu ile ile, kila tabaka kwa kimo chake. Vuli haiwaleti ndege peke yake, huwaandalia. Laiti wangefika mwezi wa Septemba, wangekuta nyika tupu.

Si wote, hata hivyo, wanaokimbia baridi. Kozi mwingine, wa rangi ya majivu, huzaa katika visiwa vikavu vya Fahal na Daymaniyat, karibu na Maskati, mwisho wa joto kali, ili makinda yake yalishwe ndege wadogo wanaopita wakati huo, kisha huenda Bukini kumaliza mwaka, akipita juu ya Afrika ya Mashariki. Naye hajui barafu ni kitu gani. Na yule korongo mdogo, mweusi mgongoni na mweupe tumboni, anayeonekana katika mashamba kwa makundi vuli inapoanza, na ambaye kwa jina la vitabu ni korongo wa Abdim, kwa heshima ya liwali wa Kituruki wa Dongola katika Sudani, huzaa katika ukanda wa Sahel na hufuata mvua ndani ya Afrika yenyewe. Korongo mweupe wa Ulaya ni mkubwa zaidi, mwenye mdomo na miguu myekundu, hupitia Bosforo, Sham na bonde la Nile kwa sababu hapendi kuvuka bahari pana, na akikaa pamoja na huyu wa Abdim watu huwadhani baba na mwana.

Turudi lamboni, kwa kuwa huko ndiko kuliko na mengi ya kujifunza kwa gharama ndogo. Lambo la Handeni mwishoni mwa Januari limekwisha kupungua. Maji yamerudi nyuma, yameacha mkanda wa tope laini baina yake na majani, na mkanda huo, ambao mchungaji huuona kuwa ni adha kwa sababu ndama hukwama, ndio sinia. Vitwitwi wa namna nyingi hugawana sinia hilo kwa kanuni ya miguu na midomo. Wale wafupi hutembea pale penye unyevu tu, wakidona juu juu. Wa kimo cha kati, ndio wale wenye madoadoa, huingia maji ya kifundo. Na mrefu kuliko wote, mwenye miguu ya kijani na mdomo uliopinda juu kidogo, huingia mpaka tumboni akakimbiza viluwiluwi, na akishtuka huruka kwa mlio wa mara tatu unaomwondoa kila ndege lamboni. Yuko mmoja asiyechanganyika na wenziwe, aendaye peke yake kwenye mawe na kingo, ambaye kiuno chake hakitulii hata nukta moja, hupanda na kushuka mchana kutwa. Huyo ni rahisi kumjua, na mwanafunzi yeyote aanze naye. Miguuni mwa ng'ombe huenda ndege wadogo wa njano watikisao mikia, waliozaliwa katika malisho ya Urusi na nchi jirani zake, wakidaka nzi waliofurushwa na kwato. Katikati ya maji, mwaka ukiwa na bahati, hukaa bata wadogo wa kaskazi, wazito wa kuruka mchana. Na mara moja moja hutokea kipanga mla samaki, mweupe kifuani, mwenye mstari mweusi upitao jichoni, ambaye hujitosa majini kwa miguu mbele. Asichanganywe na kwazi wetu, mwenye kichwa cheupe na sauti ya kulia, ambaye ni mwenyeji na hana pa kwenda.

Mwenye kutaka kuwatazama na afike jua linapochomoza, au arudi baada ya alasiri, kwa maana saa za adhuhuri mvuke wa joto hulitetemesha umbo la kila kitu hata darubini ikawa haina faida. Akae upande ambao jua liko mgongoni pake. Asitembeetembee, lambo lina mifugo, na ndege wamekwisha kuzoea kwamba kilicho na miguu minne hakina shari, lakini mtu asimamaye na kunyosha mkono wanamjua. Rangi zisimdanganye, kwani wengi wa wageni hawa huyaacha mavazi yao ya harusi kaskazi na kuja wamevaa kijivu na hudhurungi tu, na ni mwezi wa Machi tu ndipo manyoya mapya yanapoanza kuota, ikawa kwamba sisi tunaokaa nao muda mrefu huwaona wakiwa wachakavu, na wengine huwaona wakiwa wamependeza. Kilicho cha kutegemewa ni umbo, mwendo na sauti. Daftari ya kuandikia tarehe, mahali na idadi ni bora kuliko kamera ya bei kubwa. Nasema hivi nikijua kwamba vijana hawatakubali.

Mombo mambo ni mengine. Huko maji hayaishi ghafla, majaruba hupandwa na kuvunwa kwa zamu, na mtu anayepita juu ya matuta huwakuta yangeyange wenyeji, kwarara, na vitwitwi wa kaskazi pamoja katika jaruba lililolimwa jana. Lakini huko pia kuna uadui wa zamani baina ya binadamu na ndege, nao una haki yake, kwani kwelea wanapoliingia shamba la mpunga lililo karibu kuiva, kazi ya miezi mitano huweza kuliwa kwa asubuhi mbili, na watoto waliokesha kuamia kwa makopo na makombeo hawana la kufanya. Kwelea ni mwenyeji wa Afrika, hatoki kaskazi, wala kitwitwi hali mpunga bali wadudu na konokono wadogo. Ila adhabu huwapata wote. Dawa ya fenthioni, ambayo hunyunyizwa kwa eropleni juu ya malalo ya kwelea katika nchi yetu na nchi jirani, haina macho: huua pia vipanga na makozi wanaokuja kula waliokufa au wanaokufa. Simlaumu mkulima anayeiomba. Laiti pangepatikana njia nyingine yenye nguvu kama hiyo, nayo watu wanaitafuta, kwa kuwanasa kwelea kwa nyavu ili waliwe, jambo ambalo Wasandawe na Warangi wa Kondoa hawakungoja kufundishwa na serikali.

Wageni wengine hawaendi majini kabisa, na hao ndio walio wengi na wasioonekana. Kaskazini ya mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, ambayo haiko mbali na wilaya ya Korogwe, pana hoteli ya Ngulia katika Tsavo ya Magharibi, iliyo juu ya ukingo wa mlima. Na tangu mwaka 1969 ilitambulika kwamba katika usiku wa Novemba na Desemba usio na mwezi, ukungu ukishuka, taa za hoteli hiyo huwavuta ndege wasafiri kutoka angani kwa maelfu. Wataalamu wa Kenya na wageni wao huenda huko kila mwaka na nyavu nyembamba, na mamia ya maelfu ya ndege wamekwisha kufungwa pete na kuachiwa. Hapo ndipo ilipojulikana kwa hakika kwamba juu ya vichaka vyetu, usiku tulalapo, hupita mto wa viumbe wenye uzito wa gramu 10 au 12 kila mmoja. Mmojawapo, wa rangi ya hudhurungi tupu, anayezaa katika mafunjo ya mito ya Ulaya, ana tabia ya kuiga sauti za ndege wengine. Na bibi mmoja mtaalamu, Françoise Dowsett-Lemaire, alipowasikiliza huko Ubelgiji na kuchapisha matokeo mwaka 1979, alitambua katika nyimbo zao sauti za aina 212 za ndege, na 113 katika hizo zilikuwa za ndege wa Afrika. Maana yake ni kwamba huyu mwanafunzi mdogo, akisafiri kutoka Uhabeshi hadi kusini ya bara, husikiliza kila kichaka anamotua, kisha hukaa juu ya unyasi wa Ubelgiji mwezi wa Mei akaimba sauti za nyika mbele ya watu wasioijua nyika.

Watu huuliza: ndege hawa ni wa nani? Vitabu vingi vimeandikwa kaskazi, kwa hiyo huwaita wa huko, na sisi tumekubali kuwaita wageni, nami nimeliandika neno hilo juu ya makala haya. Lakini hesabu ya miezi haisemi hivyo. Kitwitwi yule wa madoadoa huondoka tunduni mwezi wa Julai, na wa kwanza huwa wamekwisha kufika kwetu mwezi wa Agosti, kipupwe kikiwa bado. Wa mwisho huondoka Aprili. Huko kaskazi hukaa miezi miwili au mitatu, muda wa kutaga, kuangua na kulea, na mingine huigawa baina ya njia na Afrika. Baridi yenyewe haiwaui. Manyoya ya ndege ni joto la kutosha. Kinachowaua ni njaa, kwa kuwa barafu hulifunga tope na wadudu hutoweka, na siku huwa fupi hata muda wa kutafuta riziki hautoshi. Kwa hiyo mtu akiniuliza, nitamjibu kwamba huenda kaskazi kwa sababu ya uzazi na mwanga mrefu wa mchana, na maskani yao ni huku.

Serikali, kwa upande wao, zimekwisha kuafikiana juu ya jambo hili kwa karatasi. Mkataba juu ya ardhi oevu uliwekwa saini katika mji wa Ramsar, Iran, tarehe 2 Februari 1971, na Tanzania ikaingia mwaka 2000, ikaliandikisha ziwa Natron mwaka uliofuata. Na mapatano mengine juu ya ndege wa majini wasafirio baina ya Afrika na Ulaya na Asia yalifanywa mwaka 1995. Tangu mwaka 1967 kuna hesabu ya ndege wa majini ifanywayo katika nchi nyingi kwa wakati mmoja, katikati ya Januari, kwa hoja kwamba mwezi huo ndege wametulia na hawatahesabiwa mara mbili. Hesabu hiyo huenda kwenye maziwa makubwa. Lambo la kijiji halimo katika orodha, na sioni sababu ya kulikosesha, kwani shule ya msingi iliyo jirani nalo ina macho 200 na zaidi, nayo hufunguliwa Januari.

Mwisho wa Machi mambo hugeuka. Mbayuwayu hujaa kwenye nyaya kisha asubuhi moja nyaya huwa tupu. Keremkerem husikika juu sana, sauti zao zikitangulia kabla hawajaonekana. Na katika siku za kwanza za Aprili, juu ya nchi za mashariki ya Tanzania, hupita ndege wa samawati wenye migongo ya kahawia, ambao vitabu vingine vinawaita kambu, kwa makundi makubwa yasiyokwisha, wote wakielekea upande mmoja, kaskazini-mashariki, kwenye Pembe ya Afrika, ili waivuke bahari na Arabuni kabla ya joto. Njia hiyo ina habari yake kwa watu wa Handeni. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani kwa bahari mpaka Somalia, wakajikomboa, wakafanya makao kando ya mto Juba, wakaihifadhi lugha yao. Na vita vilipozuka huko katika miaka ya 1990 baadhi ya wajukuu wao walirudi, wakawekwa kwanza Mkuyu na baadaye Chogo, humo humo wilayani Handeni, na wengi wakapewa uraia.

Wala si ndege wote wanaoondoka. Vitwitwi waliozaliwa mwaka uliopita, ambao hawajafikilia umri wa kuzaa, aghalabu hawaoni faida ya safari hiyo, wakabaki. Na mtu atakayekwenda Mombo mwezi wa Juni, wakati vitabu vinasema hawapo, atawakuta wachache jaruba hili na lile, wamevaa kijivu kama walivyokuwa Januari, wakingojea wakubwa wao warudi Agosti.